Kura ya Lyman Trumbull, 1868: Uchambuzi wa kisa cha mwanasheria aliyemnusuru mpinzani wake

Jumamosi ya Mei 16, 1868, majina ya maseneta wa Marekani yalisomwa moja baada ya jingine katika ukumbi wa Seneti mjini Washington, na kila aliyetajwa alisimama kujibu kama Rais Andrew Johnson ana hatia au hana. Seneti ilikuwa na wajumbe 54, hivyo zilihitajika kura 36 kutimiza theluthi mbili ambazo Katiba inazidai kabla rais hajaondolewa madarakani. Waliosema ana hatia walikuwa 35. Miongoni mwa wale 19 waliosema hana, 12 hawakumshangaza mtu yeyote, kwa kuwa walikuwa wa chama cha Democratic au wafuasi wa Johnson wa siku zote. Saba waliobaki walitoka katika chama cha Republican, chama kilekile kilichomfikisha rais mbele ya Seneti. Mmoja wao alikuwa Lyman Trumbull wa Illinois, mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti.

Kati ya hao saba anayesimuliwa zaidi ni Edmund Ross wa Kansas, kwa sababu msimamo wake ulifichika hadi dakika ya mwisho, na wasimulizi hupenda mtu wa namna hiyo. Kwa anayetaka kuelewa kazi ya sheria, hata hivyo, kisa cha Trumbull kina uzito mkubwa zaidi. Johnson alikuwa ameikataa miswada yake miwili mikubwa mbele ya taifa zima. Kama kulikuwa na seneta mwenye sababu ya kulipiza kisasi siku ile, alikuwa ni yeye. Kwa nini basi mtu aliyeandika sheria ya kuwalinda watu waliotoka utumwani alimwachia rais aliyejaribu kuizuia? Wengi katika chama chake walijibu kwa neno moja tu: msaliti. Mimi naona kwamba kura ile ilitoka mahali palepale zilikotoka sheria zake, yaani katika mazoea ya kuuliza maandishi yanasema nini na mamlaka yanatoka wapi kabla ya kuuliza nani atanufaika. Naona pia kwamba mazoea hayohayo, yaliyomwongoza vyema mwaka 1868, yalimpotosha miaka mitatu baadaye.

Wakili wa Belleville

Trumbull alizaliwa Oktoba 12, 1813 huko Colchester, Connecticut. Alianza kufundisha shule akiwa kijana mdogo, akaenda Georgia kufundisha, akajisomea sheria hukohuko Kusini, na mwaka 1837 akahamia Belleville katika jimbo la Illinois, mji ulio mashariki ya mto Mississippi, karibu na St. Louis iliyo ng'ambo ya pili. Mto huo ulikuwa mpaka wa mambo mawili: ng'ambo ya Missouri utumwa ulikuwa halali, na upande wa Illinois ulikuwa marufuku, angalau kwa maandishi. Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1840, mwaka uliofuata akawa Katibu wa Jimbo, na mwaka 1843 gavana akamwondoa katika wadhifa huo. Hayo ni mambo ya kawaida ya mwanasiasa kijana na hayahitaji kutuchelewesha.

Shauri moja la miaka hiyo ndilo linalotuhusu. Illinois ilijiunga na Muungano mwaka 1818 ikiwa na katiba iliyokataza utumwa, lakini katika vijiji vya kale vya Wafaransa kando ya Mississippi, kama Cahokia, bado kulikuwa na watu waliomilikiwa kama mali. Wamiliki walidai kwamba wazee wa watu hao walikuwa watumwa kabla ya utawala wa Marekani kufika, na kwamba mali za wakazi wa Kifaransa zilikuwa zimehifadhiwa nchi ilipobadili mikono. Mmoja wa wazao hao, Joseph Jarrot, aliyejulikana pia kama Pete, alimshtaki Julia Jarrot, aliyejihesabu kuwa mmiliki wake, akidai ujira wa kazi aliyomfanyia. Trumbull alikuwa upande wa Joseph. Mtu asiyejua mahakama angeona madai ya ujira kuwa jambo dogo kando ya uhuru, lakini humo ndimo ilimokuwa nguvu ya shauri. Mtumwa hana ujira; kwa hiyo mahakama haikuweza kusema neno juu ya fedha bila kwanza kusema kama mdai alikuwa mtumwa au la. Mahakama ya chini ilimkatalia. Mwaka 1845 Mahakama ya Juu ya Illinois, kwa majaji waliogawanyika, iliitengua hukumu hiyo na kuamua kwamba wazao wa watumwa wa Wafaransa waliozaliwa baada ya amri ya mwaka 1787 walikuwa watu huru.

Amri hiyo ya 1787 ndiyo iliyotawala Eneo la Kaskazini-Magharibi, yaani nchi iliyo kaskazini ya mto Ohio, kabla haijagawanywa kuwa majimbo. Ilisema kwamba utumwa hautakuwapo humo, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai ambalo mtu ametiwa hatiani kwalo. Shauri la Jarrot lilisimama juu ya sentensi ile na juu ya katiba ya 1818. Halikuitaka mahakama itangaze utumwa kuwa dhambi. Msomaji aiweke sentensi hiyo akilini, maana itarudi.

Trumbull alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Illinois kuanzia 1848 hadi 1853. Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854, iliyofungua mlango wa utumwa katika nchi za magharibi zilizokuwa zimefungiwa, ilimtoa katika mstari wa chama chake cha Democratic. Siku hizo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na Februari 8, 1855 bunge la Illinois lilipiga kura mara kumi kumtafuta mmoja. Abraham Lincoln wa chama cha Whig aliongoza katika duru ya kwanza kwa kura zaidi ya 40, ilhali Trumbull alikuwa na 5 tu. Lakini wale watano walikuwa wa Democratic waliokataa katakata kumpigia mtu wa Whig, na Lincoln, alipoona kiti kinaelekea kwa Gavana Joel Matteson, aliwaambia watu wake wamfuate Trumbull. Katika duru ya kumi Trumbull alipata kura 51 na kushinda. Mke wake, Julia Jayne, alikuwa amemsimamia Mary Todd siku ya ndoa yake na Lincoln mwaka 1842. Baada ya uchaguzi ule Mary hakurudiana naye tena. Lincoln mwenyewe alimeza machungu hayo na kuendelea na kazi.

Haitakuwa haki kumchora Trumbull wa miaka ile kama mtetezi wa usawa wa watu. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, vilivyoanza mwaka 1861, alitamka hadharani kwamba chama chake kipya cha Republican ni chama cha mzungu, kwa maana kwamba kinapigania nchi za magharibi ziwe za vibarua weupe walio huru, na aliunga mkono mawazo ya kuwahamishia Waamerika weusi nje ya nchi. Tukitafuta chanzo cha kazi yake ya baadaye katika huruma, hatutakipata. Kipo katika jinsi alivyosoma sheria.

Maneno ya mwaka 1787 yanarudi

Kuanzia 1861 Trumbull aliiongoza Kamati ya Sheria ya Seneti, na kwa hiyo maswali makubwa ya kisheria ya wakati wa vita yalipitia mezani kwake. Alisukuma sheria za kutwaa mali za waasi, wakiwemo watumwa wao, za mwaka 1861 na 1862. Alilalamikia pia kukamatwa kwa raia bila kufikishwa mahakamani, ingawa waliofanya hivyo walikuwa maofisa wa Lincoln, rais wa chama chake. Sheria ya 1863 iliyompa rais idhini ya kusimamisha haki hiyo, huku ikiweka utaratibu wa kuwaachia wafungwa wasioshtakiwa, ilipita mikononi mwake.

Tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaweka huru watumwa lilikuwa amri ya vita, na Trumbull, kama wanasheria wengine makini, hakuamini kwamba amri hiyo peke yake ingebaki na nguvu baada ya vita. Ilihitajika Katiba yenyewe ibadilishwe. Mapema mwaka 1864 mapendekezo yalifika mbele ya kamati yake. Charles Sumner wa Massachusetts alitaka maneno mapana, yaliyonukia matangazo ya mapinduzi ya Ufaransa, ya kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kamati iliyakataa. Badala yake ilichukua maneno ya amri ya 1787: utumwa na utumikishwaji wa lazima, isipokuwa kama adhabu ya kosa, hautakuwapo ndani ya Marekani. Ikaongeza kifungu cha pili kinachoipa Bunge uwezo wa kuyatekeleza maneno hayo kwa sheria. Seneti iliyapitisha Aprili 8, 1864 kwa kura 38 dhidi ya 6, Baraza la Wawakilishi likafuata Januari 31, 1865 kwa 119 dhidi ya 56, na majimbo yakakamilisha idhini Desemba 6 mwaka huohuo. Hayo ndiyo Marekebisho ya Kumi na Tatu ya Katiba.

Hapo tunamwona wakili wa Belleville akiwa kazini. Maneno ya 1787 yalikuwa yamekwisha pimwa mahakamani kwa miaka mingi, na katika shauri la Jarrot yeye mwenyewe alikuwa amesimama juu yake. Maneno ya Sumner yalikuwa mazuri zaidi, lakini hakuna jaji wa Marekani aliyekuwa ameyatafsiri. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Yale maneno ya adhabu, yaliyokuja pamoja na sentensi ya zamani kama kupe juu ya ng'ombe aliyenunuliwa, yalitumiwa baadaye Kusini kuwakodisha wafungwa weusi mashambani na migodini. Sumner hakuwa mwanasheria hodari kama Trumbull, lakini juu ya sentensi ile pua yake ilinusa vizuri zaidi.

Mwishoni mwa 1865 mabunge ya Mississippi, South Carolina na majimbo mengine ya Kusini yalitunga sheria zilizowafunga watu waliotoka utumwani katika mikataba ya kazi, zikawanyima uhuru wa kutembea na kumiliki mali, na kuwaadhibu kwa uzururaji. Januari 5, 1866 Trumbull aliwasilisha miswada miwili. Wa kwanza uliongeza muda na uwezo wa ofisi ya serikali iliyowahudumia watu hao. Wa pili ukawa Sheria ya Haki za Raia: kila aliyezaliwa Marekani asiye chini ya dola ya kigeni ni raia, isipokuwa Wahindi Wekundu wasiotozwa kodi, na raia wa kila rangi ana haki sawa na mweupe ya kufunga mikataba, kushtaki, kutoa ushahidi, kurithi, kununua, kupanga na kuuza mali. Ofisa ambaye, kwa kisingizio cha sheria ya jimbo, angemnyima mtu haki hizo angeweza kutozwa faini hadi dola 1,000 au kufungwa mwaka mmoja.

Mitambo ya utekelezaji, yaani makamishna, mashauri katika mahakama za shirikisho na uwezo wa kuwaita watu kusaidia, Trumbull aliichukua katika Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, na hakulificha jambo hilo. Kama taifa lilikuwa na mamlaka ya kumfuata mtumwa mtoro hadi Boston ili kumrudisha kwa bwana wake, basi lilikuwa na mamlaka ya kumfuata mtu huru hadi Mississippi ili kumlinda. Sijaona hoja nyingine ya wakati ule iliyowafunga midomo wapinzani kwa maandishi yao wenyewe kama hii.

Alimpelekea Johnson, aliyeshika urais baada ya Lincoln kuuawa Aprili 1865, nakala ya mswada na hakuambiwa kuna kasoro. Februari 19 rais akapiga kura ya turufu dhidi ya mswada wa kwanza, na Seneti ikashindwa kuipindua. Machi 27 akaukataa wa pili. Trumbull alijibu ukumbini hoja kwa hoja, kwa hasira ya mtu aliyeona amedanganywa, na safari hii Bunge likaipindua kura ya turufu: Seneti Aprili 6 kwa 33 dhidi ya 15, Baraza la Wawakilishi Aprili 9 kwa 122 dhidi ya 41. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bunge la Marekani kuipitisha sheria kubwa namna hiyo kinyume cha rais.

Mashtaka na kifungu kimoja

Ugomvi ulizidi, na Machi 2, 1867 Bunge lilipitisha, kinyume cha kura nyingine ya turufu, sheria iliyomkataza rais kuwafukuza maofisa waliothibitishwa na Seneti mpaka Seneti ikubali. Februari 21, 1868 Johnson alimfukuza Waziri wa Vita Edwin Stanton, aliyekuwa akishirikiana na Bunge, na kumtuma Jenerali Lorenzo Thomas achukue nafasi yake. Stanton alijifungia ofisini akakataa kutoka. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi lilimshtaki rais kwa kura 126 dhidi ya 47. Mashtaka yalikuwa 11, na mengi yalizunguka tendo hilo moja la Stanton kwa maneno tofauti.

Tatizo lilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ilipotungwa, mabaraza mawili yalibishana kama mawaziri waingizwe au waachwe, na suluhu ikawa kifungu kisemacho kwamba mawaziri watakaa katika nyadhifa zao katika muhula wa rais aliyewateua na mwezi mmoja zaidi. Stanton aliteuliwa na Lincoln mwaka 1862, katika muhula wa kwanza wa Lincoln. Ukilisoma neno kwa neno, muhula wa rais aliyemteua ulikwisha Machi 1865, na mwezi mmoja ulikuwa umepita zamani. Seneta John Sherman wa Ohio alikuwa ameieleza Seneti wakati wa kupitisha suluhu hiyo kwamba sheria haikukusudiwa kuwabakiza mawaziri kama Stanton. Mwaka uliofuata Sherman huyohuyo alipiga kura ya hatia. Upande wa mashtaka ulijibu kwamba Johnson alikuwa akimalizia muhula wa pili wa Lincoln, kwa hiyo Stanton alikuwa bado ndani ya muda. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, lakini ilikuwa na shaka, na mtu hang'olewi katika urais kwa kifungu ambacho waliokitunga hawakukubaliana maana yake.

Huo ndio msingi wa maoni ya Trumbull yaliyowekwa katika kumbukumbu za kesi. Alianza kwa kusema kwamba swali si kama Andrew Johnson anafaa kuwa rais, wala kama inapendeza aendelee kuwa rais. Kwa neno hilo aliisogeza kando chuki yake mwenyewe, na wenzake walijua ni kubwa kiasi gani. Aliona kwamba Stanton hakulindwa na sheria ile, na kwamba rais aliyetenda kwa tafsiri ya sheria inayoweza kutetewa hajatenda uhalifu mkubwa. Kisha akaonya kwamba mfano ukishawekwa wa kumwondoa rais kwa sababu ambazo, hasira ikipoa, zitaonekana hazitoshi, hakuna rais atakayekuwa salama akitofautiana na wingi wa Baraza na theluthi mbili za Seneti juu ya jambo wanaloliona kuwa kubwa.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba sababu halisi ilikuwa Benjamin Wade. Hapakuwa na makamu wa rais, na Wade, aliyeiongoza Seneti kwa muda, ndiye angeingia Ikulu. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, mpenda ushuru mkubwa wa forodha, ambao Trumbull hakuupenda. Sidhani kwamba jambo hilo halikumpitia Trumbull akilini. Wanasiasa si malaika. Lakini ukiyasoma maoni yake kando ya kazi yake ya miaka 20 iliyotangulia, hayahitaji Wade ili yaeleweke. Yangekuwa yaleyale hata kama anayesubiri mlangoni angekuwa rafiki yake.

Chama hakikumsamehe. Siku nne baada ya kura, mkutano mkuu wa Republican ulifunguliwa Chicago, mji mkubwa wa jimbo lake, na alionywa asionekane katika mitaa yake. Mke wake Julia, aliyekuwa mgonjwa, alifariki Agosti mwaka huo. Mei 26 Seneti ilikuwa imepiga kura juu ya mashtaka mengine mawili, matokeo yakawa yaleyale 35 kwa 19, na kesi ikafungwa. Hakuna hata mmoja wa wale saba aliyechaguliwa tena katika Seneti, ingawa habari kwamba wote waliangamizwa siku ileile imetiwa chumvi: Trumbull alibaki mwenyekiti wa kamati yake kwa miaka kadhaa zaidi.

Doa la mwaka uleule

Uchambuzi huu ungekuwa wa kumpamba mtu kama ungeishia hapo. Katika wiki zilezile ambazo kesi ya Johnson ilikuwa ikiandaliwa na kusikilizwa, Trumbull alikuwa wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la William McCardle, mhariri wa gazeti la Vicksburg, Mississippi, aliyekamatwa na jeshi kwa maandishi yake na kutaka mahakama ichunguze uhalali wa kifungo chake. Majaji wangeweza kutumia shauri hilo kuzibatilisha sheria za kuijenga upya Kusini. Baada ya hoja kusikilizwa na kabla ya hukumu, Bunge lilipitisha kifungu cha kuiondolea Mahakama uwezo wa kusikiliza rufani ya namna hiyo, na Machi 27, 1868 likaipindua kura ya turufu ya Johnson juu yake. Trumbull aliyekuwa wakili mahakamani alikitetea kifungu hicho akiwa seneta, huku akilipwa kwa kazi ya uwakili. Mwaka 1869 Mahakama ilikubali kwamba haina tena mamlaka.

Kwa maandishi, hapakuwa na kosa: Katiba inalipa Bunge uwezo wa kuweka mipaka ya rufani za Mahakama. Lakini yule aliyesema mwezi Mei kwamba hasira ya wakati isivunje mizani ya dola alikuwa mwezi Machi amesaidia kuufunga mlango wa mahakama mbele ya mtu aliyekwisha kuingia. Sioni njia ya kuyapatanisha hayo mawili kwa heshima. Naona tu kwamba Trumbull aliheshimu maandishi kuliko alivyoheshimu roho iliyoyaandika, na maandishi yalipokuwa upande wa nguvu, alikuwa upande wa nguvu.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi mwaka 1871. Kundi la Ku Klux Klan lilikuwa likiwaua na kuwachapa wapiga kura weusi, wakiwemo waliotoka kutoa ushahidi, na Rais Ulysses Grant aliliomba Bunge sheria. Trumbull aliipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba majimbo ndiyo yaliyokabidhiwa haki za mtu mmoja mmoja tangu mwanzo, na kwamba marekebisho ya Katiba hayakuipa serikali ya taifa kazi ya kuadhibu uhalifu wa kawaida kati ya mtu na mtu. Katika mwaka 1866 yeye mwenyewe alikuwa amefungua mahakama za shirikisho kwa sababu mahakama za majimbo hazikuaminika. Sasa, wakati mahakama hizohizo hazikuweza kupata baraza la wazee, yaani raia wa kawaida wanaoamua hatia, wa kumtia mwuaji hatiani, au hazikutaka, alirudi kuwaambia waliopigwa waende huko. Kura yake ya 1868 ilimlinda mtu mmoja mwenye madaraka dhidi ya tafsiri legelege ya sheria. Msimamo wake wa 1871, kama ungeshinda, ungewaacha maelfu wasio na madaraka bila mlinzi. Sheria ilipita bila yeye, na Grant akaitumia.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa haraka. Mwaka 1872 alijiunga na kundi lililojitenga na Grant, akawa mmoja wa waliotajwa kugombea urais katika mkutano wa Cincinnati, uteuzi ukaenda kwa Horace Greeley, Greeley akashindwa vibaya, na Machi 1873 Trumbull akatoka katika Seneti. Alirudi Democratic, akamtetea Samuel Tilden mbele ya tume iliyoamua uchaguzi wa urais wa 1876, akagombea ugavana wa Illinois mwaka 1880 na kushindwa. Katika ofisi yake ya sheria Chicago alijifunza kazi kijana aitwaye William Jennings Bryan.

Kisha, akiwa na miaka 81, alitokea tena mbele ya Mahakama ya Juu. Eugene Debs na wenzake walikuwa wamefungwa kwa kudharau amri ya zuio iliyotolewa na mahakama ya shirikisho wakati wa mgomo wa reli wa 1894, bila kusikilizwa na baraza la wazee. Trumbull, pamoja na Clarence Darrow na Stephen Gregory, aliiomba Mahakama ichunguze uhalali wa kifungo hicho, yaani ombi la aina ileile aliyoisaidia serikali kuizuia katika shauri la McCardle. Mei 27, 1895 majaji wote walimkatalia. Walisema kwamba serikali ya taifa ina uwezo wa kutumia nguvu zake katika kila pembe ya nchi ili kuondoa vizuizi katika njia za barua na biashara. Uwezo huo mpana, ambao mwaka 1871 alisema haupo kwa ajili ya wakulima weusi waliokuwa wakiuawa, sasa ulipatikana bila shida kwa ajili ya mabehewa ya treni. Mwaka uliofuata, katika Aprili, alisafiri hadi Belleville kumzika rafiki yake Gustave Koerner, akarudi mgonjwa, na Juni 25, 1896 akafariki mjini Chicago.

Sheria yake ya 1866 ilikuwa imebaki vitabuni, ikitajwa mara chache na kutumiwa mara chache zaidi, baada ya mahakama kuipunguza makali na siasa kuisahau. Mwaka 1968, miaka 100 baada ya kura juu ya Johnson, ilifika mbele ya Mahakama ya Juu kwa mwanamume aliyekataliwa nyumba katika mtaa mpya kwa sababu ya weusi wake. Muuzaji alidai kwamba sheria ile iliwagusa maofisa wa serikali tu, wala haikuwahusu watu binafsi. Juni 17, kwa majaji 7 dhidi ya 2, Mahakama iliamua kwamba inawahusu wote, na kwamba kifungu cha pili cha Marekebisho ya Kumi na Tatu kiliipa Bunge uwezo wa kuitunga hivyo. Ushahidi mkuu waliouegemea majaji ulikuwa hotuba za Trumbull za majira ya baridi ya 1866. Nyumba yenyewe ilikuwa katika kaunti ya St. Louis, Missouri, ng'ambo tu ya mto kutoka mahali ambapo Joseph Jarrot alikwenda kudai ujira wake.